Maoni: Jeep ya zamani ikikataa kuwaka, ipimwe kwanza, pyesi inunuliwe kisha

Kila asubuhi, katika mitaa ya Goma, Butembo na Bunia, kuna jeep inayosukumwa. Watu watano wako nyuma, dereva ndani anangoja mwendo upatikane ili atie vitesi ya pili. Injini inashtuka, moshi mweusi unatoka, safari inaanza. Mwenye gari anasema batri imechoka. Jioni anapita kwa muuzaji, anatoa dola zake na kurudi nyumbani na batri mpya. Kisha miezi mitatu, watu watano wako nyuma ya gari tena.

Batri ile ya kwanza pengine haikuwa na kosa lolote. Ya pili hakika haikuwa nalo. Na hapo ndipo wenye magari wa mashariki mwa Kongo wanapoteza pesa nyingi: si kwa sababu magari yao ni ya zamani, bali kwa sababu umeme wa magari hayo unatengenezwa kwa kubahatisha. Fundi anasikiliza, anatikisa waya mbili tatu, kisha anatangaza: "Papa, batri imekufa." Hakuna aliyepima chochote.

Magari yenyewe yanajulikana. Kuna Land Cruiser, Prado, RAV4, Hilux Surf, Pajero, Patrol. Nyingi zilitumika kwanza Japani, zikapita Dubai au Mombasa, zikavuka Uganda na kuingia Kasindi au Bunagana na usukani ungali upande wa kulia. Zingine ni zile zilizotumiwa na mashirika ya misaada kisha zikauzwa kwa mnada. Gari iliyotengenezwa miaka 25 au 30 iliyopita ina waya ambazo zimeloana na kukauka mara elfu, plastiki imekuwa ngumu, na shaba ndani yake imeota kutu ya kijani. Tena imepita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akaacha alama yake: waya imekatwa hapa, imeungwa pale kwa skochi.

Hata hivyo, gari hizi za zamani zina uzuri mmoja ambao magari mapya hayana: umeme wao ni mwepesi kuelewa. Injini ya Toyota 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda 6 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo inajulikana katika kila garaji ya Kivu na Ituri, haihitaji kompyuta ili itembee. Inahitaji umeme wa kuzungusha demareri, umeme wa kupasha buji za moto asubuhi kukiwa baridi, na umeme kidogo wa kufungua kizibo cha mazuti kwenye pompi. Kisha hapo inatembea. Mtu mwenye subira na kipimo kimoja kidogo anaweza kufuata njia yote ya umeme huo kutoka batri hadi mwisho wake.

Kwa nini jambo hili linahitaji kusemwa kwenye ukurasa wa habari? Ni kwa sababu hapa gari kuzimika si usumbufu tu. Kwenye barabara ya taifa nambari 4, kati ya Beni na Komanda na vilevile kuelekea Kasindi, magari yamechomwa na wasafiri kuuawa, na kuna nyakati ambapo watu hawakuruhusiwa kusafiri isipokuwa kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Msafara hauwezi kungoja jeep moja saa mbili kwa sababu waya ya masi imelegea. Dereva anayejua kwamba gari yake haiwaki bila kusukumwa hathubutu kuizima hata anaposimama kununua maji, na mazuti inaungua bure. Kituo cha afya ambacho jeep yake ya pekee inakataa kuwaka saa nane ya usiku, na mama mjamzito yuko ndani, hakina mtu wa kusukuma isipokuwa mlinzi na mume wa yule mama.

Basi kazi inafanyikaje leo? Katika garaji nyingi, ni kubadilisha tu. Batri kwanza. Ikishindikana, alternateri ya okazyo kutoka Kampala. Ikishindikana tena, demareri. Mwisho, fundi wa umeme anaitwa kutoka mtaa mwingine naye anakuta waya moja iliyolika nyuma ya batri, anaisafisha kwa karatasi ya msasa, gari inawaka. Mwenye gari amekwisha toa dola 200 au 300 kwa kosa ambalo dawa yake ilikuwa msasa na nusu saa.

Ni rahisi kuwaita mafundi wezi, na wengi wanafanya hivyo. Maneno hayo si ya haki. Fundi wa Goma au Butembo hali kwa kutafuta kosa. Anakula kwa kuweka pyesi. Mteja anakubali kulipa alternateri kwa sababu anaiona, anaishika, anaipeleka nyumbani ile ya zamani. Lakini fundi akitumia saa tatu kupima waya moja baada ya nyingine na mwishowe akaonyesha boloni moja iliyolegea, mteja atauliza: "Nilipe nini? Umekaza boloni tu." Atatoa franga elfu tano na kuondoka akinung'unika. Ni fundi gani atapima tena kesho?

Kwa hiyo bei ndiyo imeharibu kazi. Mwenye gari hununua pyesi, hanunui akili. Naye anapata kile anacholipia.

Kupima ni nini hasa

Multimetri ya kawaida, ile ndogo ya rangi ya njano inayouzwa sokoni pamoja na chaja za simu, bei yake ni chini sana ya batri. Inatosha kwa kazi kubwa ya gari za zamani. Namba zake si siri ya wahandisi.

Batri ya volti 12 iliyojaa, gari ikiwa imelala usiku kucha, inaonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2, nusu imekwenda. Ikiwa chini ya 12, karibu imeisha. Gari ikiwaka, kipimo kilekile juu ya batri ileile kinapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alternateri haichaji, au inachaji lakini umeme unapotea njiani. Kikipita 15, reguleta imeharibika na batri inachemka. Maji yatakauka ndani yake, na mwenye gari ataendelea kuongeza maji kila juma bila kujiuliza yanakwenda wapi. (Wengine wanaongeza maji ya bomba, au asidi, ambayo ni mbaya zaidi. Batri inaongezwa maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, basi.)

Kipimo cha tatu ni wakati wa kuwasha. Mtu mmoja anazungusha ufunguo, mwingine anaangalia. Volti zikishuka hadi 10 au juu yake kidogo na injini inazunguka vizuri, batri ni nzima. Zikianguka hadi 7 au 6, batri imechoka kweli, au demareri inavuta kupita kiasi. Lakini kama volti za batri hazishuki, zinabaki 12 na zaidi, na demareri inazunguka polepole au haizunguki kabisa, basi kuinunulia gari hiyo batri mpya ni kutupa pesa. Umeme upo. Haufiki.

Hapa ndipo makosa mengi ya jeep za zamani yanajificha. Demareri ya injini kubwa ya mazuti inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi kwa sekunde chache. Njia ya kwenda ni waya kubwa nyekundu, lakini kuna pia njia ya kurudi: kutoka injini, kupitia waya ya masi, hadi batri. Watu wengi wanasahau njia ya kurudi. Waya ya masi inafungwa kwenye injini na kwenye bodi kwa boloni ambayo inapigwa na matope, maji na mafuta miaka yote. Kutu ikiingia kati ya chuma na chuma, upinzani wa omu 0.01 tu unatosha kumeza volti 2 wakati ampea 200 zinapita. Volti 2 kati ya 12, na demareri inakuwa goigoi.

Tena kutu hiyo haionekani kwa macho, na balbu ya kupimia ambayo mafundi wengi wanabeba mfukoni haiwezi kuigundua. Balbu ndogo ya wati 5 inavuta ampea isiyofika nusu. Kupitia kutu ileile, inapoteza volti ambazo si kitu. Inawaka kwa nguvu zake zote na fundi anasema: "Masi iko sawa." Balbu haikudanganya, iliulizwa swali dogo ikatoa jibu dogo. Waya inapaswa kupimwa wakati inabeba mzigo wake mkubwa. Multimetri inawekwa kwenye volti, mkono mmoja juu ya nguzo hasi ya batri yenyewe, si juu ya kiungio chake, na mkono wa pili juu ya chuma cha injini. Mtu anazungusha ufunguo. Namba ikibaki 0.2 au 0.3, njia ni safi. Ikionyesha volti 1 au zaidi, kosa limepatikana bila kufungua pyesi hata moja. Kazi hiyo inachukua dakika mbili. Upande wa waya nyekundu unapimwa vivyo hivyo, kutoka nguzo chanya hadi kichwa cha demareri.

Kuna pia ile sauti ya "tak" moja ambayo kila mwenye Toyota ya zamani anaijua. Ufunguo unazungushwa, "tak", kimya. Mara ya tano au ya kumi gari inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wanapiga demareri kwa nyundo, na kwa siku chache inasaidia. Mara nyingi, katika demareri za Denso ambazo Toyota ilitumia, ni vipande viwili vya shaba ndani ya soleno vilivyolika na kuungua. Vinabadilishwa peke yake, kwa bei ndogo, na demareri ya asili iliyotengenezwa Japani inarudi kazini kwa miaka mingi. Badala yake, inauzwa kama chuma chakavu na nafasi yake inachukuliwa na demareri mpya ya bei rahisi ambayo haimalizi mwaka.

Wezi wa usiku

Rudi kwa ile batri iliyokufa kisha miezi mitatu. Jeep za zamani zinabeba vitu vingi ambavyo Toyota haikuweka: redio ya pili, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, mataa ya rangi, chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye batri. Kila kimoja kinakula kidogo wakati gari imelala. Gari nzima, ikiwa imefungwa na ufunguo umetolewa, haipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05 hivi. Ikivuta ampea 0.5, ambayo ni kama balbu moja ndogo ya ndani, ni ampea-saa 12 kila siku. Batri ya ampea-saa 70 inapoteza nusu yake ndani ya siku tatu. Na batri ya risasi ikikaa bila umeme mara kwa mara, sahani zake zinagandamana na haipokei tena. Mpya ikiwekwa kwenye gari hiyo inakufa kwa ugonjwa uleule.

Kumtafuta mwizi huyo ni kazi ya subira. Multimetri inawekwa kwenye ampea, katikati ya nguzo hasi na waya yake, milango imefungwa. Mtu asijaribu kuwasha injini wakati huo, la sivyo ampea 200 za demareri zitapita ndani ya kifaa kinachobeba 10. Kisha fizible zinatolewa moja moja hadi namba inaanguka. Ile iliyoiangusha ndiyo njia ya mwizi. Ikiwa fizible zote ndogo zimetolewa na namba haikuanguka, macho yaelekee alternateri: diodi yake ikitoboka, umeme unarudi nyuma kupitia waya kubwa ambayo haipiti kwenye fizible za ndani. Alternateri hiyo inaweza kuwa inachaji vizuri mchana na kuiba usiku. Fundi anayepima mchana tu ataapa kwamba ni nzima, na kwa upande wake hasemi uongo.

Kuna tabia mbili zinazopaswa kuachwa mara moja, na hapa hakuna nafasi ya kuwaelewa wale wanaozifanya.

Ya kwanza ni kutoa waya ya batri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama alternateri inafanya kazi. Injini isipozima, fundi anatabasamu. Lakini batri ndiyo inayotuliza umeme wa alternateri. Ikitolewa ghafula, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na diodi, reguleta na redio vinapigwa. Katika Prado au RAV4 yenye kompyuta, kompyuta yenyewe inaweza kwenda, na bei yake inapita bei ya batri mara nyingi. Multimetri ingetoa jibu lilelile bila kugusa boloni.

Ya pili ni kuweka waya ya shaba, au karatasi ya sigara, mahali pa fizible. Inafanywa kila siku, hata na watu wanaojua. "Fizible inakatika kila mara, nimeiweka nguvu." Fizible haikuwekwa kulinda taa, imewekwa kulinda waya. Rangi zake zina maana: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Nyekundu ikikatika mara mbili, waya fulani imegusa chuma mahali fulani, mara nyingi pale inapopita kwenye tundu la bodi na mpira wake umetoka. Barabara za mawe ya volkano za Goma na mashimo ya barabara ya Bukavu kuelekea Uvira yanatikisa waya hiyo juu ya chuma kwa miaka. Fizible ikiondolewa, waya ndiyo inageuka fizible: inawaka nyekundu ndani ya tablo, juu ya miguu ya dereva, karibu na kapeti na povu la kiti. Jeep inayoungua njiani si kila mara imechomwa na watu.

Mataa yanafuata. Watu wanaosafiri usiku wanataka kuona mbali, na wanaweka balbu za wati 100 mahali pa zile za wati 55. Mbili za 55 zinavuta ampea 9 hivi. Mbili za 100 zinavuta karibu 17, kupitia waya zilezile nyembamba za zamani na kontakta ileile ya usukani. Kwanza plastiki inanuka, kisha taa inakuwa hafifu kuliko ile ya zamani kwa sababu volti zinapotea njiani. Rele mbili na waya nene kutoka batri, yenye fizible yake, vinamaliza jambo hilo, na hata balbu za kawaida zinang'aa kuliko mwanzo.

Batri mbili

Kosa moja linapatikana hapa kwetu kwa kuwa mengi ya magari hayo yaliishia huku. Kati ya Land Cruiser za mazuti zilizotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka ya 1980 na 1990, nyingi zina batri mbili na umeme wa volti 24. Zingine zina volti 24 kwa demareri peke yake na 12 kwa vitu vingine vyote. Mwenye gari anataka redio ya volti 12 au kuchaji simu. Fundi anachukua umeme kwenye batri moja kati ya mbili, redio inaimba, kila mtu anafurahi.

Tangu siku hiyo batri moja inatoa kuliko nyingine, lakini alternateri inazichaji zote mbili kama mtu mmoja. Haijui kwamba moja ina njaa. Ile iliyojaa inachajiwa kupita kiasi na kuchemka, ile yenye njaa haijai kamwe. Batri moja inakufa, inabadilishwa peke yake, mpya inafungwa na ya zamani, na mzunguko unaanza upya. Dawa inajulikana: kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, na kubadilisha batri zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Kabla ya hayo yote, kupima kila batri peke yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, fundi amekwisha kujua aanzie wapi. Inashangaza ni jeep ngapi za namna hii zinazunguka Butembo na hakuna aliyemwambia mwenye gari jambo hilo siku ya kununua.

Kuna watakaosema kwamba multimetri si uganga. Ni kweli. Katika magari yenye injini za kompyuta, kuna makosa ambayo hayapatikani bila skana, na fundi anayejidai kuyatibu kwa multimetri peke yake anadanganya kwa namna ingine. Wengine watasema namba bila uzoefu ni bure, na wazee wa garaji walitengeneza magari miaka 40 kwa masikio na vidole. Wazee hao wanastahili heshima. Lakini wengi wao walijifunza katika garaji za kampuni, za misioni na za reli ambamo vipimo vilikuwa ukutani na mkubwa wa kazi aliuliza namba kabla ya kutoa pyesi. Kijana anayejifunza leo chini ya mti, kando ya barabara, anaona kubadilisha tu. Multimetri ya patroni, kama ipo, imefungwa ndani ya sanduku ili isiharibike. INPP na shule za ufundi zinafundisha umeme wa gari, na vijana wanatoka na cheti. Wanapofika kwenye garaji wanakuta mteja ambaye hataki kulipa kile walichojifunza.

Kwa hiyo mabadiliko hayataanzia kwa fundi. Yataanzia kwa yule anayelipa, na kati ya wanaolipa, wenye nguvu zaidi si Papa mwenye RAV4 moja. Ni hospitali, shule, parokia, vyama vya ushirika vya kahawa na kakao, mashirika yenye jeep tano au kumi. Hao wanatoa fakture kila mwezi. Wanaweza kuandika kwenye makubaliano yao na garaji kwamba kazi ya kutafuta kosa ina bei yake, inalipwa hata kama dawa ni boloni moja. Na kwamba hakuna batri, alternateri wala demareri itakayolipwa bila namba zilizoandikwa kwenye karatasi: volti za gari ikiwa imelala, volti wakati wa kuwasha, volti injini ikiwaka, na volti zilizopotea kwenye masi. Namba nne, na pyesi ya zamani irudishwe. Karatasi hiyo ikibaki ndani ya gari, fundi atakayefuata, hata kama ni wa Bunia au Uvira, hataanza upya gizani.

Mwenye gari moja naye anaweza kuanza kidogo. Badala ya kuuliza "Batri ni ngapi?", aulize "Imeonyesha ngapi?" na angoje jibu. Fundi asiyekuwa na jibu ataazima multimetri kwa jirani. Akirudi nayo, ni haki alipwe kwa kuitumia.

Wauzaji wa batri wana sehemu yao pia. Wengi wanatoa garanti ya miezi sita, kisha wanabishana na mteja anaporudi kisha miezi mitatu, kila mmoja akimshtaki mwingine. Muuzaji angeweza kupima gari hapo hapo mlangoni, siku ya kuuza: je, inachaji? je, inavuja usiku? Ingemchukua dakika kumi. Wengine wangeondoka bila kununua, na hiyo ndiyo sababu wauzaji hawapimi. Lakini mteja aliyeambiwa mara moja kwamba batri yake ni nzima atajua mlango wa kurudia siku itakapokufa kweli.